Sura ya Tano: Shilingi Hamsini za Jumamosi

Daftari ni la shule, la kurasa 96, na jalada lake limeshika mafuta ya ekseli ya mkokoteni. Ndani limepigwa mistari kwa kalamu ya bluu: namba ya mlango, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, halafu safu moja nyembamba mwishoni iliyoandikwa "sababu". Aliyelipa huwekewa tiki. Asiyelipa huandikiwa neno moja au mawili: hayuko, amehama, mgonjwa, mwisho wa mwezi.

Nililiona Jumamosi moja asubuhi katika mtaa wa mabanda upande wa mashariki wa Nairobi, mikononi mwa msichana wa miaka ishirini na kidogo aliyevaa gambuti zilizomzidi ukubwa. Mbele yake wavulana wawili walisukuma mkokoteni katika kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani. Wenzao walibisha milango na kubeba magunia begani, maji meusi yakiwachuruzika mgongoni. Bei yao ni finje kwa wiki, yaani shilingi hamsini. Kundi lenyewe sitalitaja jina, kwa kuwa makundi ya namna hiyo mjini ni mengi na mambo yao yanafanana.

Kwenye mlango mmoja wa kijani alisimama mama, leso kiunoni, gunia lake miguuni. Hakulisogeza.

"Wiki jana mlikuwa wapi?"

"Mkokoteni ulipata pancha, mathe," msichana akajibu.

"Na taka zangu nazo zilipata pancha?"

Wavulana wakacheka. Msichana hakucheka. Mama akalisukuma gunia kwa mguu, akasema hili mtabeba, lakini pesa mtaipata wiki ijayo mkija. Msichana akafungua daftari, akautafuta mlango, na kwenye ile safu nyembamba akaandika neno moja: "Hatukuja."

Nimesoma ripoti nyingi za miradi ya vijana. "Changamoto za usafiri" nimezikuta, na "uhaba wa rasilimali" nimeukuta mpaka nimeuchoka. Neno "hatukuja" nililikuta mara hiyo moja tu, kwenye daftari la shule. Sura hii inaifuata ile hamsini ambayo mama alikataa kuitoa, kwa sababu naamini humo ndimo ilimo siri ya biashara ya kijamii, na humo pia ndimo kijana anapojifunza kuibadilisha jamii yake.

Ujasiri wa mali, ujasiri wa watu

Kiswahili kilipohitaji neno la mtu anayeanzisha biashara kwa kuthubutu, kiliunganisha maneno mawili: ujasiri na mali. Mjasiriamali ni mtu mwenye ujasiri wa kutafuta mali. Neno ni zuri, ila lina pengo. Halisemi mali hiyo ni ya nani, wala inatafutwa kwa gharama ya nani.

Biashara ya kijamii huanzia kwenye pengo hilo. Huuza bidhaa au huduma kama biashara yoyote, hulipa mishahara, na huogopa hasara. Lakini ukiiuliza imezaliwa kwa nini, haitakujibu faida. Itakutajia tatizo: taka zisizozolewa, maji yasiyonyweka, msichana anayekosa shule siku zake za mwezi kwa kukosa taulo. Faida ni mafuta ya kuendeshea gari. Hakuna anayefunga safari kwa ajili ya kuchoma mafuta.

Aliyelieneza wazo hili duniani ni Muhammad Yunus, aliyekuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, Bangladesh. Mwaka 1974 nchi yake ilipigwa na njaa, naye akaona aibu kufundisha nadharia za uchumi wakati watu wanakufa nje ya lango la chuo. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra kilicho jirani na chuo hicho, alikuta wanawake wanaosuka vigoda vya mianzi. Fedha za mianzi walikopeshwa na wachuuzi, na kwa mkopo huo walilazimika kuwauzia wachuuzi haohao kwa bei waliyopangiwa. Yunus alipiga hesabu ya madeni ya watu 42 wa kijiji hicho. Jumla yake ilikuwa taka 856, ambazo mwenyewe huzihesabu kuwa dola 27 hivi. Akazitoa mfukoni mwake.

Ndiyo, fedha ya Bangladesh inaitwa taka. Msomaji wa Kiswahili hana budi kutabasamu hapo, kwa kuwa huku kwetu vijana wengi wanaanza safari hiyohiyo kwa taka za aina nyingine.

Kutoka Jobra ilizaliwa Benki ya Grameen, iliyopata hadhi ya benki kisheria mwaka 1983. Wakopaji wake, ambao karibu wote ni wanawake, ndio pia wenye hisa nyingi za benki. Mwaka 2006 Yunus na benki hiyo walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Amani. Baadaye alitoa masharti ya kile anachokiita biashara ya kijamii: mwenye mtaji anaweza kurudishiwa mtaji wake, lakini hachukui gawio, na faida yote hubaki ndani ili kuikuza kazi.

Wazo hilo halikukosa majeruhi. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, kampuni zilizochukua sura ya mikopo midogo na kuiacha roho yake ziligeuza umaskini kuwa soko. Mtu mmoja alikopeshwa na kampuni tatu au nne, akakopa hapa kulipa pale, na wakusanya madeni wakamkalia mlangoni. Mwaka 2010, baada ya habari za wakopaji kujiua, serikali ya jimbo ilitunga sheria ya kuwabana wakopeshaji. Kwa hiyo haitoshi kwamba maskini analipa. Hata mwenye deni la kausha damu, mkopo wa riba ya kumnyonya mtu, analipa. Swali ni kama anaweza kukataa. Mteja asiyeweza kukataa si mteja tena, ni mateka.

Mama wa mlango wa kijani alikuwa mteja kamili.

Alama sita za usafi

Zamani kabla maneno "biashara ya kijamii" hayajafika Nairobi, bonde la Mathare lilikuwa limeanza kujifunza somo hilo kwa mpira. Mwaka 1987 raia wa Canada aliyeishi Nairobi, Bob Munro, alikuta watoto wakicheza mpira wa makaratasi na nailoni uliofungwa kwa kamba, kandokando ya mitaro iliyojaa uchafu. Wakaelewana: yeye angesaidia kuanzisha ligi, na wao wangesafisha mtaa. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA.

Werevu wa jambo hilo ulikuwa kwenye jedwali la ligi. Timu iliyokamilisha kazi ya usafi ilipata alama sita, nyingi kuliko za kushinda mechi. Hebu fikiria maana yake kwa mvulana wa miaka kumi na mitatu. Timu yako inaweza kuchapwa mabao manne kwa nunge siku ya Jumamosi, na bado ikapanda kwenye jedwali kwa sababu mlizibua mtaro. Na timu yenye mfungaji hodari lakini yenye wavivu wa koleo inabaki mkiani. Hakuna aliyewahubiria watoto wale kuhusu mazingira. Walionyeshwa jedwali, wakapiga hesabu wenyewe.

Mwaka 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliipa MYSA tuzo ya Global 500 wakati wa mkutano wa dunia wa mazingira kule Rio de Janeiro. Mwaka 1994 iliundwa timu ya wakubwa, Mathare United, ambayo ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Dennis Oliech, aliyewatesa mabeki wa Afrika akiwa na jezi ya Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, alipitia huko.

Mimi sishangazwi sana na vikombe. Kinachonishangaza ni kwamba vijana wa Mathare waliendesha ligi yao kupitia viongozi waliowachagua wenyewe, na kwamba waliulipia mpira. Waliulipia kwa jasho, lakini waliulipia. Mtu aliyelipia kitu hukidai. Hukidai kianze saa ileile iliyosemwa, hudai mwamuzi asiwe na upande, na siku ya uchaguzi humwondoa kiongozi aliyekula nauli.

Hesabu ya mkokoteni

Turudi kwenye magunia. Watu wanaosifia biashara ya taka hupenda kusema taka ni mali, na msemo huo umeshaandikwa kwenye kuta nyingi. Wanaosukuma mkokoteni husema kwa uangalifu zaidi.

Tupige hesabu ya mfano, namba za kurahisisha tu. Kundi lina watu kumi na wawili na linahudumia milango 300. Kila mlango ukilipa hamsini, wiki inaingiza shilingi 15,000. Lakini thuluthi moja ya milango hailipi: wengine wamehama usiku, wengine hawana, wengine wanatupa taka zao mtoni gizani. Zinabaki 10,000. Toa kodi ya mikokoteni, magunia, glovu, na gharama ya gari la kufikisha mzigo jaani, tuseme 4,000. Zinabaki 6,000, ambazo kwa watu kumi na wawili ni shilingi 500 kila mmoja kwa wiki nzima. Kibarua wa mjengo hupata kiasi hicho au zaidi kwa siku moja.

Sasa utaelewa kwa nini kundi lolote lililodumu lina kazi ya pili na ya tatu. Huchambua kabla ya kutupa: chupa za maji upande huu, plastiki ngumu upande ule, vyuma kwa watu wa skrepa, maganda kwa wafuga nguruwe. Huendesha choo cha kulipia, kibanda cha maji, sehemu ya kuoshea magari. Hufuga kuku nyuma ya ofisi ya mabati. Taka ndizo zinazowaingiza kwenye kila mlango, na choo ndicho kinachowalipa.

Hata chupa zina vituko vyake. Chupa za nusu lita hukusanywa kwa makumi ndipo zitimie kilo. Mnunuzi wa kwanza ni broka mwenye mizani yake, na mizani ya broka ina tabia ya kuwa na njaa. Juu ya broka kuna kiwanda, na juu ya kiwanda kuna bei ya mafuta ya petroli duniani. Plastiki mpya hutengenezwa kutokana na mafuta. Mafuta yakishuka bei, plastiki mpya inakuwa rahisi, na kiwanda hakina haja ya chupa iliyookotwa jaani Dandora. Kijana anaamka asubuhi na kukuta kazi ileile, uzito uleule, bei imepungua, na hakuna wa kumuuliza.

Wajanja wamejaribu kuikata ngazi hiyo. Lorna Rutto aliacha kazi ya benki na mwaka 2009 akaanzisha EcoPost, kampuni inayogeuza taka za plastiki kuwa nguzo za ua, ili miti isikatwe kwa ajili ya uzio. Nzambi Matee aliacha kazi mwaka 2017 na kuanza majaribio nyumbani kwa mama yake. Alichanganya plastiki na mchanga, akaupasha moto mchanganyiko, akaukandamiza kwa mashine mpaka akapata matofali ya kutandazia barabara na nyua. Kampuni yake, Gjenge Makers, hutumia plastiki za chupa za maziwa na shampuu, vifuniko, kamba na ndoo, nyingi zikiwa zile ambazo broka hazitaki. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya vijana mabingwa wa dunia.

Tofali la Gjenge lina sifa moja inayonivutia kuliko tuzo. Anayelinunua analikanyaga kila siku. Likipasuka atajua, na atawaambia majirani. Ni hamsini ya Jumamosi kwa sura nyingine.

Mnufaika hana sauti

Pesa ya kwanza ilikuwa hamsini ya mteja. Sasa tuangalie pesa ya aina ya pili, ile inayokuja na nembo.

Niliwahi kualikwa kwenye semina ya siku tatu ya "kuwajengea uwezo" vijana wajasiriamali, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Kulikuwa na fulana, begi la karatasi, kalamu mbili, na chai ya saa nne yenye soseji. Siku ya pili tulifundishwa kuandika andiko la mradi. Mwezeshaji alitueleza kwamba andiko zuri hutaja "wanufaika" kwa idadi. Kijana mmoja wa kundi la usafi akanyoosha mkono, akauliza: "Na wale wanaotulipa, tuwaandike wapi?" Mwezeshaji akafikiri kidogo, akasema hao waandikwe kwenye "vyanzo vingine".

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Mnufaika ni mtu wa ajabu. Hapangi bei, hachagui siku, na mzigo ukicheleweshwa hawezi kusema pesa mtaipata mkija. Kazi yake ni kupigwa picha akitabasamu. Anayeweza kukataa ni mfadhili, naye yuko mbali na kichochoro. Kwa hiyo kundi hujifunza lugha ya mfadhili. Mwaka huu ni tabianchi, mwaka ujao ni jinsia, mwaka wa kesho kutwa ni ubunifu wa kidijitali, na mtaro uko palepale.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Bila ruzuku, makundi mengi yasingenunua hata mkokoteni wa kwanza. MYSA yenyewe ilibebwa kwa miaka mingi na wafadhili wa Norway. Benki hazimkopeshi kijana asiye na hati ya kiwanja, na shamba la baba limeshagawanywa mpaka halitoshi kaburi. Pesa ya mfadhili ni mbolea nzuri. Balaa ni kupanda mbegu juu ya mbolea tupu, pasipo udongo.

Udongo ulionekana Januari 2025. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa amri ya siku moja, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Kuanzia Kisumu mpaka Mwanza, ofisi zilifungwa katikati ya wiki, magari yakaegeshwa, na vijana waliokuwa na vyeo virefu wakarudi kwa wazazi. Makundi yaliyokuwa na choo cha shilingi kumi yaliumia, lakini Jumamosi iliyofuata yalibisha milango kama kawaida.

Serikali na mfuko wake

Pesa ya tatu ni ya umma, nayo ni ngumu kuliko zote kuieleza, kwa sababu ni yetu na hatuioni.

Mwaka 2020, korona ilipofunga mji, serikali ya Kenya ilianzisha Kazi Mtaani. Vijana wa makazi duni, na baadaye wa kaunti zote 47, walilipwa kufyeka, kuzibua mitaro na kuzoa taka. Katika awamu ya pili kibarua alipata shilingi 455 kwa siku. Kwa tumbo lililokosa kazi hiyo ilikuwa rehema, na mitaa mingi iling'aa. Lakini kwa makundi yaliyokuwa yakizoa taka kwa hamsini, hesabu iligeuka. Kwa nini mama alipe kijana wakati serikali inamlipa? Mradi ulipokwisha, mitaro ilijaa upya, na makundi yakaanza tena kuwashawishi watu walipie kitu walichokwisha kuzoea bure.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilichagua njia ya mkopo. Kila halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni sera ambayo nchi nyingi zingeionea wivu. Hata hivyo, Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, na mwaka 2024 ikairudisha kwa utaratibu mpya. Kikundi hewa ni kikundi kisicho na mlango wa kijani. Hakuna mtu duniani anayeweza kukiuliza wiki jana kilikuwa wapi.

Na hapa ndipo penye swali chungu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mama wa mlango wa kijani hulipa kodi kwenye sabuni, kwenye mafuta ya taa. Kisha analipa hamsini kwa kazi ambayo kodi yake ilipaswa kuifanya. Mwenye nyumba ya ghorofa mtaa wa juu hulipa kampuni yenye lori. Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, bado linapokea mizigo ya wote wawili.

Juu ya hayo, sheria inamtaka msafirisha taka awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Karatasi hiyo mwenye mkokoteni aipate wapi? Na katika baadhi ya mitaa wapo wazoaji wa aina nyingine kabisa, magenge yaliyojigawia vichochoro. Huko ukikataa kulipa, taka zinamwagwa mlangoni pako. Wanakusanya hamsini ileile, kwa mkokoteni uleule. Tofauti yao na kundi la yule msichana haionekani kwenye mapato. Inaonekana kwenye safu ya "sababu".

Hivyo kuna hatari ya kumsifu kijana mzoa taka mpaka tukamsahau anayepaswa kuzoa. Biashara ya kijamii ikigeuka kisingizio cha serikali kulala, imesaliti jamii. Kijana hatakuwa amebadilisha mambo. Atakuwa ameyabeba mgongoni tu.

Daftari linapoingia barazani

Basi mabadiliko yako wapi? Wanasiasa wetu hupenda kumwita kijana "taifa la kesho". Lisikilize neno lenyewe: ki-jana. Wanaisimu watanikosoa, maana "jana" hiyo haihusiani na siku iliyopita, lakini sikio linacheka lenyewe. Jana ipo kwenye jina, kesho ipo kwenye hotuba. Kinachokosekana ni leo.

Leo imo kwenye daftari. Kundi lililozoa milango 300 kwa miaka mitatu linajua mambo ambayo ofisi ya kaunti haiyajui: nyumba zilizopo kweli, wapangaji wanaohama, mtaro unaoziba kila masika, na idadi ya magunia yanayotoka. Katiba inadai wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Katika vikao vya bajeti vya wadi, wengi husimama na kulalamika. Anayesimama na daftari hasikiki kama mlalamishi. Anauliza kwa namba: mitaa yetu imetoa magunia haya, lori la kaunti limekuja mara hizi, fedha iliyopangwa imekwenda wapi?

Uwezo huo wa kusoma hesabu na kukataa ulionekana kwa ukubwa wa kutisha mwezi Juni 2024. Serikali ya Kenya ilileta Mswada wa Fedha wenye kodi mpya. Vijana hawakusubiri kuelezwa. Waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani kwenye video za dakika moja moja, kisha wakaingia barabarani. Neno lililobeba harakati hiyo lilikuwa fupi: "reject", yaani kataa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni. Siku ya pili rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma yale, na familia zao bado zinaishi na bei iliyolipwa.

Majuma machache baadaye, kule Bangladesh, wanafunzi waliogomea utaratibu wa kugawa nafasi za kazi za serikali kwa upendeleo waliingia barabarani na kukabiliwa kwa risasi. Tarehe 5 Agosti waziri mkuu Sheikh Hasina alikimbia nchi. Wanafunzi walipoulizwa wanamtaka nani ashike usukani kwa muda, walimtaja mzee wa miaka 84: Muhammad Yunus, yule wa taka 856 za Jobra. Aliapishwa tarehe 8.

Sidai kwamba vigoda vya mianzi viliiangusha serikali, wala kwamba mkokoteni uliangusha mswada. Nadai jambo dogo zaidi. Kukataa ni ufundi, nao hujifunzwa kwa mazoezi. Mtu aliyezoea kuwa mnufaika hana mahali pa kuufanyia mazoezi. Kijana anayesimama kila Jumamosi mbele ya watu wenye haki ya kumnyima hamsini hujifunza pande zote mbili: namna ya kudai na namna ya kudaiwa. Siku akichaguliwa kuwa mwakilishi wa wadi, na wengine huchaguliwa, tutajua alijifunza upande upi vizuri zaidi.

Jasho peke yake nalo lina mpaka. Kule Korogocho, kandokando ya Mto Nairobi, kundi la Komb Green, ambalo baadhi ya vijana wake waliacha uhalifu, liligeuza ukingo uliokuwa jaa kuwa bustani ya watu kupumzika. Ni kazi ya mikono mitupu. Na ardhi ya kingo za mto si mali ya kundi lolote. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru watu wote waondoke ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na matingatinga yakabomoa nyumba katika mitaa ya Mathare na Mukuru. Kijana anaweza kupanda mti, lakini hati ya ardhi haipandwi. Hiyo nayo ni sababu ya kuingia barazani.

Tulipomaliza mzunguko ile Jumamosi, msichana alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akajumlisha. Tiki zilikuwa chache kuliko wiki iliyotangulia. Mvulana mmoja akachungulia begani mwake, akaliona lile neno.

"Si ungeandika tu hajalipa?"

"Hajalipa kwa sababu gani?" akamuuliza.

Mvulana akanyamaza. Msichana akafunga daftari, akampa shilingi mia mbili za kununulia mpira wa ndani wa gurudumu, akamwambia arudi na chenji.